Mkwe wa Talini, Mara ya Baridi na Mara ya Joto

Haya, sogeeni! Mwenye korosho mdomoni ameze kwanza, maana ukicheka ukapaliwa mimi simo. Mama Salumu, sogea mbali na jiko, kanga yako itashika moto. Na wewe Bi Somoe, nimekuona unamnong'oneza mwenzio, "Ameanza uongo wake." Uongo gani? Mimi sisemi uongo, mimi natia chumvi, na chakula kisicho na chumvi nani anakila?

Mmekuja mlangoni kwangu mmoja mmoja, "Bi Fatu, Ulaya kukoje? Bi Fatu, yule mkwe wako wa kizungu anakula nini?" mpaka uji wangu unaungua kila asubuhi. Leo nasimulia mara moja, atakayechelewa shauri yake. Mambo ya pasipoti na mihuri nayaruka. Hayo yanachosha kuliko kubangua korosho kwa mkono.

Mwanangu Zai mnamjua. Aliolewa na Marti, yule kijana wa kizungu aliyekuwa akichomelea mabomba ya gesi hapo Madimba. Akasilimu kwa sheikh wetu, akajifunza Kiswahili mpaka akawa anabishana na wauza pweza. Kazi yake ilipokwisha wakaenda kwao, mji unaitwa Talini, uko juu kabisa ya dunia, ukisogea hatua mbili unadondoka upande wa pili.

Kuolewa si shida. Shida mama mkwe. Zai akipiga simu ni kilio: "Mama, mkwe wangu hanisemeshi. Tunakaa nyumba moja, asubuhi mpaka jioni hajafungua mdomo. Hanitaki huyu. Na mimi nina mimba."

Kaka yangu Bakari, mjomba mtu, akapiga goti lake kofi. "Dada, nenda kaangalie kwa macho yako. Kama ntoto wetu hapendwi huko, nlete nyumbani. Muhogo upo."

Basi safari yenyewe ndiyo hiyo: kuamua kama Zai abaki au arudi. Nilikwenda mara mbili, mara ya baridi na mara ya joto.

Mtwara mpaka Dar

Nilifunga mzigo: korosho, pweza mkavu, na ming'oko, maana mimba ya Zai ilikuwa inalilia ming'oko, na kule mizizi ya porini ukiitaja wanadhani dawa ya mganga. Marti akanionya kwenye simu kwamba kuna baridi. Nikamwambia, "Mwanangu, baridi naijua, nimeshalala Newala mwezi wa sita." Akanyamaza. Nikadhani nimemshinda.

Basi likatoka Mtwara vizuri, likapita Lindi vizuri, likakaribia Nangurukuru likakohoa, likazima. Konda akashuka, akapiga tairi teke, akarudi. "Abiria, dakika tano tu."

Jamani, dakika tano za konda! Kuna mama alipanda na kifaranga kwenye kikapu. Mpaka tunaondoka pale, kifaranga kinawika.

Mkanda wa injini ulikuwa umekatika. Dereva akauliza nani ana kanga imara. Wanawake wote tukashika viuno. Mwisho nikatoa moja, ile nyekundu ya harusi ya Zai. Wakaisokota, wakaifunga, gari likaunguruma. Kufika Dar kanga haina maandishi, haina rangi, imebaki mkia wa panya. Konda akaniambia, "Mama, wewe ndiye uliyetufikisha."

Nikamjibu, "Basi mwambie dereva asogee, nimalizie mwenyewe."

Dar mpaka Istambuli

Kwenye ndege nilikaa na dada mmoja wa Kariakoo, anakwenda Istambuli kufuata mapazia. Yeye ndiye aliyenifunga mkanda, yeye ndiye aliyenifungua, maana ule mkanda ukishafungwa unakuwa kama umeolewa.

Wakaleta chakula. Sahani ya kuchezea watoto! Kuku mmoja wamegawana abiria wote, mimi nikapata sehemu ya kumbukumbu yake. Nikamwambia yule dada, "Hapana, mwanangu, hatufi njaa na mzigo tunao." Nikafungua ming'oko yangu ya kuchemsha. Nikampa yeye, nikawapa wa nyuma. Upande wa pili kulikuwa na mzee wa Kituruki anatazama kwa jicho la kuomba, nikampa naye. Akaweka mdomoni pamoja na maganda.

"Menya, baba! Menya!" Nikamwonyesha na meno.

Akainamisha kichwa kwa shukrani, akaendelea kutafuna maganda. Ndege ilipotua bado anatafuna. Kwa ninavyoujua mng'oko, mpaka leo hajameza.

Talini ya baridi

Kutua Talini, mbwa mmoja amevaa koti, mbwa wa serikali, akaja kunusa mizigo. Kufika kwenye pweza wangu akakaa kitako. Askari anamvuta, mbwa kagoma. Wakafungua mfuko, askari akamtoa pweza kwa mkono mmoja, akaniuliza kitu. Nikamweleza kwa mikono: bahari, mwamba, mkuki, nazi. Nikampika pweza hewani, nikamkoroga, nikaonja. Askari akamwita mwenzie, mwenzie akamwita mkubwa, mkubwa akanusa, akarudi nyuma hatua kumi. Pweza akabaki kwao. Nilipoondoka yule mbwa alinitazama kama mjane.

Nje nikakuta Zai na Marti. Tumekumbatiana, tumelia, nikainua macho. Lahaula! Miti yote nyeupe, majani hakuna, matawi yamejaa unga, mapaa unga, barabara unga.

Ninyi wote hapa mna mikorosho. Mti mweupe hivyo ukiuona unawaza nini? Salfa! Nikajua ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, umewavamia, serikali imepuliza dawa mji mzima. Nikavuta ushungi nikaziba pua na mdomo. "Marti, mwanangu, mnapuliza salfa na watu wamo ndani? Hamna barakoa? Na mbona mmechelewa, miti yenyewe imeshakufa!"

Marti akasema, "Mama, hiyo ni theluji."

"Dawa mpya hiyo?"

Zai akacheka mpaka akashika tumbo, nikaogopa atajifungua pale pale. Lakini ushungi sikuutoa puani mpaka tulipofika nyumbani. Salfa siichezei mimi.

Tukapanda treni la mjini, linapita katikati ya barabara kama bajaji iliyorefuka. Nikaingia na adabu zangu: "Asalaam aleikum! Hamjambo humu?" Kimya. Nikarudia, labda hawakusikia. Mzee mmoja akavuta mfuko wake karibu. Mama mmoja akashuka, na nyumbani kwake hapakuwa pale, nilimwona amesimama kwenye baridi anasubiri treni jingine. Zai ananivuta mkono, "Mama, huku hawasalimiani." Watu hawasalimiani, watajuaje nani mzima nani amekufa?

Mji wenyewe, jamani, mzuri. Umezungushiwa ukuta wa mawe na minara yenye kofia za vigae vyekundu. Njia za mawe, zinapanda zinashuka, nyembamba kama Mikindani kule kwenye nyumba za kale. Ila Mikindani nyumba ya kale imeota mti ndani, huku nyumba ya kale imeota watu. Marti akanionyesha yao: "Mama, hii ilijengwa kabla ya babu wa babu wa babu yangu." Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Mungu atawajalia mtajenga."

Ngazi zake zinazunguka kama konokono. Nikapanda, nikapanda, nikafika juu nina kizunguzungu, mlango ukafunguliwa, na ndani amesimama yeye mwenyewe. Bi Leida. Mrefu, mkavu, nywele nyeupe, macho ya rangi ya bahari ya Msimbati wakati maji yametulia. Akaniangalia kidogo, akatazama chini, akasogea pembeni nipite. Neno hakusema.

Zai akanipiga kiwiko. "Umeona?"

Nimeona! Ila nilichoona mimi sicho alichoona yeye. Mnajua wenyewe mambo ya ukwe. Mkwe hakutazami usoni, haropoki mbele yako, hali mbele yako akajaza shavu. Na huyu mama ndivyo alivyo! Mezani aliniwekea samaki na viazi, akaenda kula jikoni amegeukia dirisha. Nikasema moyoni, kumbe wapo Wazungu waliolelewa! Huyu ana adabu ya ukwe kuliko watu wote wa Mtwara na Lindi ukiwaunganisha.

Sikukubali anishinde. Na mimi nikageukia ukuta. Akiingia sebuleni natoka. Akikaa kiti hiki nahamia kile cha mbali. Fikirieni, mimi! Mimi ninayeweza kumpigia kuku soga mpaka akataga, nilifunga mdomo siku zote zile mpaka taya likaota kutu. Sikujua kwamba na yeye jikoni anamuuliza mwanawe, "Huyu mama nimemkosea nini?"

Jua la kule wakati wa baridi ni jua la kuazima. Linatoka limechelewa, linachungulia, linarudi ndani. Nilikuwa nikiswali adhuhuri, kabla sijakunja mswala ni alasiri, nikitoa salamu ni magharibi. Magoti yangu yalinishitaki.

Kibanda cha moto

Ikafika siku Marti akaniambia, "Mama, mama yangu anakualika kwenye nyumba yetu ndogo ya shambani, karibu na bahari. Anakualika kibandani, mkaoge mvuke pamoja. Ni heshima kubwa sana. Haitwi mtu isipokuwa wa nyumbani."

Nikafurahi. Marti akasema mengi siku hiyo, kwa kipimo chake, ila jambo moja la maana hakulisema.

Kibanda chenyewe cha mbao, kidogo, kimejificha kwenye miti. Nikaingia na gauni, sweta, kanga mbili na ushungi. Joto! Ilikuwa kama nimekaa ndani ya tanuri la kukaangia korosho. Nikavumilia, heshima haikatai jasho. Mlango ukafunguka, akaingia Bi Leida kama alivyozaliwa, ila mrefu zaidi.

Mkwe! Uchi! Jamani, kwetu ukimkuta mkwe kichwa wazi unatafuta kuku wa kuomba radhi. Huyu sasa ningemlipa nini, ng'ombe? Nikageukia ukutani nikapiga shahada. Nyuma yangu nasikia maji yamemwagwa kwenye mawe, fuuu! Moshi ukajaa. Nikachungulia kwa jicho moja: ameshika kitita cha matawi anajichapa mgongoni, pwa, pwa! Halafu akaninyooshea mimi, nishike zamu yangu.

Sikumbuki mlango niliupitaje, na nadhani niliupita ukiwa umefungwa. Nilikimbia na soksi kwenye ile theluji mpaka barabarani, natoa moshi mwili mzima kama sufuria. Marti akanikuta nimemkumbatia mti.

Tulirudi mjini watatu kwenye gari, kimya, na kimya hicho hata mimi nilijua si cha adabu. Siku ya kuondoka Bi Leida alinipa soksi za sufu kwenye mfuko, bila kunitazama. Zai aliniuliza, "Mama, nirudi nyumbani?"

Nikamwambia, "Zaa kwanza."

Talini ya joto

Nikarudi hapa, Zai akajifungua mtoto wa kike, Rehema. Nilidhani mtoto atamfungua bibi yake mdomo. Wapi. Miti yao ilipoanza kutoa majani Zai akapiga simu. "Mama, nimejifungua, hajaniambia hata pole. Njoo unichukue." Bakari akasema, "Kanchukue." Haya, nikapanda basi tena, safari hii nimeficha kanga zote.

Njiani nikawa nawaza kile kibanda. Mahali pa kujificha, nje ya mji. Wanawake watupu. Joto, fimbo za majani, na aliyetangulia anamshika mkono anayefuata. Nikajipiga paji la uso pale pale kwenye kiti. Fatu, wewe kungwi mzima, umewacheza wari wa vijiji vyote hivi, hukuona? Yule mama alikuwa ananiingiza unyago! Na ndani ya unyago hakuna ukwe, mko sawa, mnafundishana. Na mimi mwari nimekimbia kambini!

Kufika, mji siutambui. Ile miti niliyoizika mwenyewe kwa mdomo wangu imefufuka, ya kijani, maua yametundikwa hata kwenye taa za barabarani. Wale watu wa kwenye treni wamelala kwenye majani ya bustani, wamejianika kama dagaa, wanageuzana upande. Mmoja alinitabasamia, nikageuka nyuma kutazama anamtabasamia nani.

Na jua sasa! Lile la kuazima limerudi na riba. Halizami! Nimetia udhu wa magharibi, nimekaa mswalani, jua lipo linanitazama. Nikala, likanitazama. Nikasema, "Wewe huna kwenu?"

Zai nilimkuta ameshafunga mabegi. Tukaenda wote nyumba ya shambani kwa siku za mwisho. Huko nikamkuta Bi Leida ameinama na jembe anapalilia viazi. Yuko peku, gauni limepandishwa. Sikusema kitu, nikachukua jembe la pili. Tukalima. Nikiacha shina ananionyesha kwa kidole, na yeye akikosea tuta namrekebisha kwa mguu. Nikaona huyu ni mtu, tena mkulima.

Alipowasha moto kibandani hakuniita. Nikajiita. Nimevaa kanga moja, kwapani ndoo ya plastiki. Alishituka, akajifunika na yale matawi. Nikakaa, nikageuza ndoo, nikaanza kupiga, ngi-ti-ngi, ngi-ti-ngi, nikamwimbia nyimbo za kambini, zile ambazo hapa siwezi kuimba, Mzee Chande anasikiliza. Akatoa macho. Halafu akaanza kupiga makofi, yote nje ya ngoma. Nikamchapa na majani mgongoni, akanichapa, nikamchapa. Akacheka! Nikayaona meno yake mara ya kwanza, yote yapo, alikuwa anayaficha bure. Tulitoka mle wekundu, yeye kama kamba aliyechemshwa, mimi kama matofali, tukaingia baharini pamoja. Maji ya barafu! Nikapiga yowe, na yeye akapiga yowe, mwendo wa kujibizana.

Nikamwambia Zai, "Mwanangu, huyu mama ni mtu mzuri."

"Kwako anacheka, mama. Kwangu je?"

"Nimemwona. Akichuma stroberi, zile kubwa za kwanza anaweka bakuli lako. Zake zimeliwa na konokono nusu."

"Bakuli haliongei, mama." Macho yamejaa maji. "Mimi nimetoka kwa watu wanaoongea. Nataka mtu aseme. Aseme tu, hata matusi."



Mlangoni

Siku ya safari tuko mjini, juu kwenye zile ngazi za konokono. Mimi nimebeba Rehema mgongoni, Zai ameshika mabegi, Marti amesimama katikati ameinamisha kichwa. Alikuwa amesema jambo moja tu, "Zai akiamua, sina neno." Na kweli hakuwa nalo.

Bi Leida akatoka jikoni na taulo la vyombo. Akaona mabegi. Akaona ni mengi. Akamtazama Zai, akamtazama Rehema mgongoni kwangu.

Nikamnong'oneza Marti, "Mama yako anajua kwamba Zai na mtoto wanaondoka?"

"Hapana."

"Hukumwambia?"

"Sikupata nafasi."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu barafu ilipoyeyuka."

Mungu wangu! Nyumba ya mabubu hii! Zai akaanza kulia. Akasema kwa lugha yao, taratibu, na mimi nilielewa bila mkalimani: anaaga.

Lile taulo likadondoka. Na Bi Leida akafungua mdomo.

Jamani, alisema! Alisema yule mama! Maneno ya mwaka mzima yalitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Anasema huku analia, anasema huku amenyoosha kidole, mara kwa Zai, mara kwa jikoni, mara kwa mwanawe. Amemnyang'anya Zai begi, amelikalia. Jirani wa chini akafungua mlango kutazama nani anauawa. Marti amekuwa mweupe, halafu mwekundu, halafu rangi nisiyoijua. Na Zai, mwanangu, analia na kucheka kwa pamoja, amekwenda kumpigia mkwe wake magoti amemshika miguu.

"Anasemaje?" nikapiga kelele. "Marti! Anasemaje mama yako?"

Marti akanigeukia.

"Anasema, kama ni lazima Zai aondoke, mnichukue na mimi."